Nguzo imeliwa na mchwa, waya wa ithi umeibiwa, bomba linachoma: jibu kwa mzee wa Hombolo

Mzee mmoja mstaafu mwenye shamba la zabibu Hombolo, hapa hapa Dodoma, ameniuliza hivi kwa kifupi: mita ya LUKU iko kwenye nyumba kubwa karibu na barabara, kutoka hapo umeme unapita juu kwenye nguzo zake mwenyewe za miti mpaka kwenye pampu ya kisima. Nguzo ya mwisho ni ya zamani sana, imelala kuelekea upande waya zinakotoka, mchwa wamejenga kwenye shina, na waya wa ithi uliokuwa unashuka kwenye hiyo nguzo wezi wa shaba wameshaukata. Tangu hapo vijana wa shamba wakishika bomba pampu ikiwa inafanya kazi wanasikia inawachoma-choma, na mbuzi wanakataa kunywa kwenye birika la bati. Fundi wa mtaani kamwambia amwage zege kwenye shina, nguzo ipakwe oili chafu, alafu apige ardhini rodi mpya ya ithi na kuizungushia chumvi na mkaa. Anauliza, hiyo inatosha?

Mzee wangu shikamoo. Haitoshi, na kabla sijafika kwenye nguzo naomba jambo moja lifanyike leo hii hii: zima breka ya pampu kule kwenye nyumba kubwa, iache chini, mwambie kila mtu pale shambani kwamba pampu haiwashwi mpaka fundi mwenye leseni afike. Najua zabibu zinataka maji na kununua maji ya boza ni gharama, lakini hicho vijana wako wanachokisikia kwenye bomba sio kitu cha kusubiri mwisho wa mwezi.

Kinachotokea ni hivi. Mota ya pampu ikizeeka ile vanishi inayofunika waya zake za ndani inachoka, unyevu unaingia, umeme kidogo unaanza kuvuja kwenda kwenye bodi, yaani chuma cha nje cha mota. Waya wa ithi ulipokuwepo huo umeme ulikuwa unashuka ardhini na hakuna mtu aliyejua. Kwahiyo ubovu haukuanza siku wezi walipokuja, ulikuwepo tayari, ila sasa umeme umekosa njia yake na umepata nyingine kupitia bomba na birika, na mtu akishika bomba anakuwa yeye ndio njia. Sahivi ardhi ni kavu, vijana wamevaa kandambili, kwahiyo unaopita mwilini ni mdogo. Subiri mvua za mwezi wa kumi na mbili, kijana akiwa peku kwenye tope na mkono umelowa, bomba lile lile mota ile ile, mkondo unakuwa mwingine kabisa. Kwenye miliampea 10 hivi misuli ya mkono inakaza mtu anashindwa kuachia bomba, ukizidi miliampea 30 na ukaendelea kupita, moyo unaweza kuacha kupiga kwa mpangilio. Miliampea 30 ni umeme mdogo sana, haufiki hata nusu ya unaotumika kuwasha taa moja ya wati 15.

Na hao mbuzi wasichekwe. Mnyama anaingiza mdomo mbichi kwenye bati huku kwato zote nne ziko kwenye ardhi iliyomwagikiwa maji, bila ndala bila chochote, kwahiyo volti chache tu ambazo wewe ukigusa husikii kitu yeye zinampata vizuri. Mfugaji yeyote akiona mifugo ghafla haitaki birika la chuma lililo karibu na umeme, aanze na kuzima umeme kabla hajamwita bwana mifugo.

Fundi akija aanze na kipimo chepesi. Achomeke msumari mrefu au chuma kwenye ardhi kama mita 2 kutoka kwenye bomba, aweke multimita kwenye volti za AC, probu moja kwenye bomba nyingine kwenye chuma, bila kushika kwa mkono. Asome pampu ikiwa inafanya kazi, alafu ikiwa imezimwa, alafu meni swichi ya nyumba nzima ikiwa chini. Kama volti zinaondoka pampu ikizimwa tatizo ni la kwako, kwenye mota au kebo yake. Kama meni swichi imeshuka na volti bado zipo, basi chanzo kiko nje ya mita, inawezekana ni nyutro (waya wa kurudishia umeme) ya laini ya mtaa, na hapo mnaacha kila kitu mnawapigia TANESCO.

Hilo la TANESCO nilimalize kabisa maana watu wengi wanachanganya. Nguzo na waya kabla ya mita ni mali ya TANESCO, hata kama nguzo imesimama katikati ya shamba lako na wewe ndio unaipalilia. Ikiinama, ikiliwa, ikikatwa ithi, kazi yako ni kutoa taarifa na namba iliyoandikwa kwenye nguzo, basi. Usiiegemezee mti, usiisimamishe na kamba, usimruhusu kishoka, fundi asiye na leseni, apande. Ya kwako wewe kwa maelezo yako iko baada ya LUKU, kwahiyo ni jukumu lako, na anayeigusa awe na leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji. Muombe akuonyeshe, fundi mwenye nayo hakasiriki ukimuuliza.

Sasa ithi. Hapa naomba nikae kidogo kwasababu watu wa kanda hii ya kati tunaletewa mazoea ya sehemu zenye mvua na hayatufai. Rodi ya ithi haifanyi kazi kwa uchawi wa shaba, inafanya kazi kwa unyevu wa udongo unaoigusa. Rodi ya kawaida ya dukani, mita 1.2 na unene wa milimita 16, kwenye udongo wenye unyevu mzuri itakupa kama omu 70 (omu ni kipimo cha udongo unavyouzuia umeme kupita, ikiwa ndogo ndio vizuri). Rodi hiyo hiyo ukiipiga kwenye mchanga mkavu wa huku kwetu unaweza kupata omu 700 na zaidi. Dodoma tunapata kama milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, na karibu zote zinashuka kati ya Desemba na Aprili, kuanzia Mei mpaka mwezi wa kumi ardhi inakauka kila mwezi zaidi ya mwezi uliopita. Kwenye udongo mweusi wa mbuga ni balaa lingine, ukikauka unapasuka na kuachana na rodi, yaani unakuta rodi imesimama kwenye tundu lenye hewa pembeni. Kwahiyo fundi akikupimia ithi mwezi wa pili na kukuandikia namba nzuri, hiyo ni namba ya mwezi wa pili. Ithi ya Dodoma inapimwa mwezi wa kumi, ikifaulu hapo imefaulu mwaka mzima.

Na inapimwa kwa ithi testa, sio multimita. Ni mashine yenye waya tatu: mmoja kwenye rodi yako, wa mwisho kwenye chuma kilichochomekwa kama mita 30 mbali, wa katikati kwenye chuma kingine kama mita 18 na nusu, vyote kwenye mstari mmoja, na rodi iwe imefunguliwa kwenye mfumo wakati umeme umezimwa. Fundi akikupimia ithi kwa kuwasha taa kati ya laini na rodi akasema 'si unaona inawaka', hajapima chochote, na wakati anafanya hivyo ameiweka ile rodi na bomba lako kwenye umeme.

Sasa jambo lenyewe ambalo ningependa ulishike kuliko yote mzee wangu, na ndio sababu nasema ushauri wa fundi wako hautoshi hata akipiga rodi nzuri ya kutosha. Tuseme rodi mpya imetoa omu 70, na ithi ya transfoma kule ina omu 10. Siku mota ikipiga shoti kamili kwenye bodi, volti 230 zinagawanywa kwa omu 80, unapata kama ampea 2.9. Breka yako ya pampu ni ya ampea 20 kwa maelezo yako. Breka ya ampea 20 haiwezi kukata kwa ampea 2.9, kwake huo ni mzigo wa kawaida kabisa, na ile ya aina ya C inataka ampea 100 hadi 200 ndio ikate papo hapo. Kwahiyo pampu itaendelea kukaa pale na bodi yake ikiwa na karibu volti 200, bomba lina volti 200, birika lina volti 200, na rodi mpya iko palepale imefungwa vizuri na klampu yake. Watu wengi wameambiwa ukiwa na ithi uko salama. Ithi peke yake kwenye nyumba na mashamba yetu haikati umeme.

Kinachokata ni RCCB, wengine wanaiita ithi likeji. Hii kazi yake ni kulinganisha umeme unaotoka kwenye laini na unaorudi kwenye nyutro, ukipungua kwa miliampea 30 inajua kuna sehemu unavuja, inakata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Angalia tofauti: zile ampea 2.9 ambazo breka hata haizioni, kwa RCCB ya miliampea 30 ni karibu mara 100 ya kinachohitajika. Hata ukiwa na ithi mbovu ya omu 700 mwezi wa kumi bado zitapita kama miliampea 320, inakata. Na hata wezi wakirudi wakaiba waya wa ithi tena, kijana akigusa bomba atashtuka lakini RCCB itakata kabla umeme haujakaa mwilini mwake. Kwahiyo kama hela inatosha kitu kimoja tu mwezi huu, nunua RCCB ya miliampea 30 iliyo halisi kwenye duka linalotoa risiti, ifungwe kule kwenye nyumba kubwa mwanzo wa kebo inayokwenda shambani, ili ilinde kebo na pampu vyote. Ina kitufe cha kujaribia chenye herufi T, kibonyeze kila mwezi siku unayonunua umeme, isipokata itupe ununue nyingine.

Onyo hapo. Kwa mota hiyo uliyonayo RCCB huenda ikakata mara tu ukiwasha pampu, na kuna mtu atakwambia 'hii kitu inasumbua, tuiruke'. Haisumbui, inakwambia mota inavuja. Mota ipimwe insulesheni kwa megga ya volti 500, ikisoma chini ya megaomu 1 itolewe ipelekwe kukaushwa au kusukwa upya. Pia kusiwe na mahali popote baada ya RCCB ambapo nyutro imeunganishwa na ithi, kuna mafundi wanapenda kufanya hivyo kwenye nguzo ya mwisho wakidhani wanaongeza ithi, na nyutro ikija kukatika njiani bodi ya pampu inakuwa na umeme wote. Kwenye nguzo zako usiruhusu.

Bado rodi inahitajika lakini, sio kwamba naidharau, bila ithi RCCB inasubiri mtu aguse ndio ikate na sisi tunataka ikate kabla. Lengo lako liwe chini ya omu 200 mwezi wa kumi, chini ya 100 ni vizuri zaidi. Unafikaje huko kwenye ardhi kavu? Kwa kwenda chini. Unganisha rodi mbili za mita 1.2 kwa kapla yake ili iwe moja ya mita 2.4, kwenye udongo ule ule zile omu 70 zinashuka hadi kama 40, na faida kubwa zaidi ni kwamba umevuka tabaka la juu linalokauka. Kama unapiga rodi mbili tofauti ziachane angalau kwa urefu wa rodi yenyewe, zikibanana zinagombania udongo ule ule. Ikigonga mwamba, na huku kwetu granaiti haiko mbali, isikatwe kwa hakso kama wanavyofanya, ipigwe kwa mshazari, au mchimbe mtaro wa kina cha sentimita 80 mlaze waya mtupu wa shaba mita 10 hivi. Na chagua mahali penye maji mwaka mzima, wewe una bahati una mipira ya matone kwenye zabibu na maji yanayomwagika kwenye birika, basi rodi iende upande huo wa kisima badala ya kubandikwa kwenye shina la nguzo kwa mazoea. Hata mita 1 kutoka kwenye nguzo inasaidia ili siku ukichimba nguzo usiharibu ithi.

Chumvi na mkaa: chumvi inashusha omu kweli, ndio maana fundi wako akipima jioni ile ile atakuonyesha namba nzuri. Lakini mvua inaisafisha, baada ya misimu kadhaa imeondoka, na wakati bado ipo inaila rodi na klampu, unakuja kufukua unakuta klampu imekuwa unga wa kijani. Na kwenye shamba la zabibu sioni kwanini umwage chumvi ardhini. Udongo wa bentonaiti unaozungushiwa rodi unashika maji muda mrefu na hauli shaba, tumia huo ukiupata, usipoupata rodi ndefu kwenye sehemu yenye unyevu inatosha.

Waya kutoka kwenye rodi uwe wa shaba wa milimita za mraba 16 wenye koti la kijani na njano, au kama ni mtupu na umezikwa basi 25. Unafungwa na klampu ya shaba yenye bolti, sio kuviringishwa kwa pleya, na kichwa cha rodi kikae kwenye chemba ndogo yenye mfuniko ili ukague kila mwaka. Kama kuna waya unaoshuka kwenye nguzo uingie kwenye bomba la PVC kuanzia chini ya ardhi hadi juu ya urefu wa mtu. Kuhusu wezi, wanachotafuta ni shaba inayoonekana. Ukitumia waya wa chuma wenye ngozi ya shaba au wa chuma cha galvanaizi wenye unene unaotosha, kwa skrepa hauna bei na wanaacha, ila usiunganishe moja kwa moja shaba na galvanaizi chini ya udongo, maana zinalana, kiungio kikae juu kwenye chemba na klampu inayofaa.

Na hili nalisema kwa uzito: hakuna mtu ashike ncha mbili za huo waya wa ithi uliokatwa wakati umeme upo. Ncha ya juu inaweza kuwa na volti zote zinazovuja, ya chini iko ardhini, anayezishika kwa mikono miwili ili 'aunge tu haraka' anajiweka yeye katikati na umeme unapita kifuani. Waya wa ithi unaheshimiwa kama laini mpaka breka imezimwa, imefungwa, na imepimwa.

Turudi kwenye nguzo. Umesema imelala kuelekea upande waya zinakotoka. Hiyo ni nguzo ya mwisho, waya zinaivuta upande mmoja tu na hakuna kinachoivuta upande wa pili, kwahiyo lazima iwe na stei, yaani waya wa chuma unaotoka juu ya nguzo na kufungwa ardhini upande wa pili ili uivute. Aidha haikuwekwa au nayo iliibiwa. Ukiinyoosha bila stei baada ya msimu mmoja itarudi palepale. Stei iwe na insuleta yake ya kigae, ikae juu kiasi mtu akinyoosha mkono hafiki, mita 3 kwenda juu, ili laini ikiangukia stei umeme usishuke mpaka kwenye mikono ya watu. Na msifunge mbuzi kwenye stei wala kuanikia nguo.

Kuhusu kuoza, nguzo za mikaratusi tunazoletewa kutoka Mufindi na Njombe zinapigwa dawa kiwandani, lakini dawa inaingia vizuri kwenye mti wa nje tu, moyo wa ndani hauipokei. Ndio maana nguzo haikatwi kamwe upande wa chini. Ukiona ni ndefu kata juu na ufunike na kipande cha bati, ukikata chini umefungua mlango wa mchwa kwenda moyoni. Sehemu ya kuangalia ni kuanzia usawa wa ardhi kushuka sentimita 30 hadi 45, hapo ndipo unyevu na hewa vinakutana. Gonga na nyundo kuzunguka shina, mti mzima unalia kwa sauti kali na nyundo inaruka, ulioliwa sauti inakuwa nzito na butu. Alafu choma na bisibisi kwa mshazari kidogo chini ya ardhi uone inazama kiasi gani. Usichimbe shimo kuzunguka nguzo iliyoinama kabla haijafungwa kamba pande zote, udongo huo unaweza kuwa ndio pekee unaoishikilia.

Kuna kitu hapa kinashangaza watu. Nguzo ya kipenyo cha sentimita 20 iliyoliwa ndani ikabaki na tundu la sentimita 10 katikati, haijapasuka, imepoteza kama asilimia 6 tu ya nguvu ya kustahimili kuvutwa. Lakini nguzo hiyo hiyo ikiliwa kwa nje ikabaki na kipenyo cha sentimita 16, moyo ukiwa mzima kabisa, imepoteza karibu nusu ya nguvu yake. Kwahiyo usidanganyike na sauti ya tundu peke yake wala usifarijike kwamba 'moyo ni mzima'. Kwangua udongo wa mchwa wote na mti uliolainika, alafu pima mzunguko wa kilichobaki na ulinganishe na sehemu nzima juu kidogo.

Kama juu ya ardhi iko nzima na tatizo ni shina tu, kuna utaratibu wa kuipa nguzo mwenza: kipande kifupi cha nguzo yenye dawa au nguzo fupi ya zege inazikwa ubavuni kwa kina kile kile, inapanda juu ya ardhi mita 1 na nusu hivi, zinafungwa pamoja kwa bolti au mikanda ya galvanaizi sehemu mbili zilizoachana. Inafanya kazi vizuri na inaokoa hela. Kwa ya kwako lakini, ambayo ni ya zamani, imeinama, mchwa wako kwenye shina na ni ya mwisho inayobeba mvuto wote, mimi ningebadilisha. Hata nguzo mwenza inahitaji mti wa juu wenye afya wa kufungiwa, na umri huo sidhani.

Zege kwenye shina ni ushauri ninaoukataa kabisa kwa nguzo ya mti. Mti unasinyaa, unaachana na zege, unabaki ufa mwembamba, maji yanaingia na hayatoki, na kuoza kunaendelea ndani ambako huwezi kugonga wala kuchoma bisibisi. Shindilia moramu na kokoto kwa matabaka ya sentimita 15 hadi 20, kila tabaka lishindiliwe mpaka mtaimbo urudi juu, na mwisho udongo uwe na mwinuko kidogo ili maji yakimbie. Oili chafu inabaki kwenye ngozi ya mti, haiingii ndani walipo mchwa, na inachafua ardhi ya kisima chako.

Kina cha shimo ni sehemu ya kumi ya urefu wa nguzo ukiongeza sentimita 60. Nguzo ya mita 9 inaingia mita 1 na nusu. Fundi akikutana na jiwe kwenye mita 1 akasema inatosha, haitoshi, shimo lihame. Na kebo ikishafungwa, pale lori la mchanga au la zabibu linapopita isishuke chini ya mita 5.8.

Kazi yenyewe iende hivi: umeme unazimwa nyumba kubwa, breka inafungwa na kufuli au mtu wa kuaminika anakaa nayo, fundi anapima kwenye nguzo kuhakikisha hakuna volti. Nguzo mpya inasimamishwa kwanza kama mita 1 pembeni ya ile ya zamani, na stei yake inakazwa. Ngazi inaegemezwa kwenye nguzo mpya, kwenye ya zamani hakuna anayepanda wala kuegemeza ngazi hata kwa dakika moja, kwasababu kebo ndio inaweza kuwa inaishikilia isianguke na ukiifungua inaondoka na mtu. Kwahiyo kabla ya kufungua chochote ya zamani inafungwa kamba pande tatu, kebo inahamishwa, ndipo inalazwa polepole kwa kamba huku watu na watoto wako mbali kuliko urefu wake. Nguzo kama hiyo inaweza kufika kilo 200. Baada ya hapo ithi, alafu RCCB, alafu mota ipimwe, na ile multimita kati ya bomba na ardhi irudiwe mpaka isome sifuri au karibu nayo. Mbuzi warudi birikani baada ya hapo.

Ungeweza kuifanya yote kabla ya Desemba, maana radi na upepo wa mvua za kwanza ndio huangusha nguzo za namna hii. Ikitokea imeanguka kabla hujaanza, au laini iko chini, watu wakae mita 10 na zaidi na asiyekuwa na uhakika asisogee mpaka umeme uzimwe kwenye nyumba kubwa.

Ile nguzo ya zamani ikishalala vijana watataka kuipasua kuni. Wakatalie. Dawa nyingi za nguzo zina aseniki na shaba au kreosoti, na aseniki haiungui, inatoka na moshi na nyingine inabaki kwenye majivu, wasipikie, na majivu yasifike kwenye zabibu wala kwenye birika. Ikatwe vipande vya kutumia kama mihimili ya uzio mbali na maji.